Uhamisho Si Usuluhishi

Ipo tabia katika baadhi ya ofisi na shule zetu ambayo hatuna budi kuipiga vita. Wafanyakazi wawili wakikosana, mkuu wao hawaiti wakakaa mbele yake, kila mmoja akasema la kwake mwenzake akisikia. Huandika barua tu. Mmoja huhamishiwa wilaya nyingine, jalada hufungwa, na taarifa hupelekwa juu kwamba hali ni shwari.

Hali si shwari hata kidogo. Aliyehamishwa huondoka na kinyongo chake, na aliyebaki hujiona mshindi. Lile lililowagombanisha, liwe ni mgawanyo wa vipindi, nyumba ya mwalimu au safari za posho wanazopewa watu walewale kila mara, hubaki palepale likimngoja mgeni atakayekuja. Anayelipa gharama ni mwananchi: mtoto wake hukaa bila mwalimu wa hisabati, na kodi yake hulipia uhamisho usio na faida.

Wapo wanaodai kwamba umoja kazini ni watu kutogombana. Huo ni upotoshaji. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kukosana si aibu. Aibu ni kiongozi kuuogopa ugomvi mpaka ukaota mizizi.

Wala tusisingizie ukosefu wa vyombo. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lakini migomo iliyozuka viwandani baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi, ilidhihirisha kwamba baraza lililotawaliwa na wakuu, tena lenye kushauri tu, halikuwa mahali pa mnyonge kusema. Chombo bila masikio ni pambo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imetanguliza usuluhishi kabla ya uamuzi, ikaupangia siku 30. Ikiwa mgogoro uliokwisha kufikishwa mbele ya Tume hupewa siku 30, mkuu wa idara anashindwaje kuwapa watu wake saa moja?

Yatakiwayo si makubwa. Pande zote mbili zisikilizwe ana kwa ana, si kwa minong'ono. Liulizwe kwanza lililoharibika katika kazi, kabla ya kuhukumu tabia ya mtu. Makubaliano yaandikwe, kila mmoja apewe nakala. Na mkuu akiwa yeye ndiye mlalamikiwa, asijifanye hakimu wa kesi yake mwenyewe, amwachie mwingine.

Wizi, rushwa na kupigana ni makosa ya nidhamu, na yashughulikiwe hivyo. Uhamisho nao ubaki kuwa wa haja ya kazi. Kiongozi anayeutumia kukwepa kusikiliza hajatatua ugomvi. Ameukabidhi kwa kiongozi mwenzake.