Hisabati Ifundishwe kwa Kamba na Bei ya Mawe

Mwezi wa Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima katika mikondo yote mitatu ya sekondari pevu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninalouliza ni hili: litafundishwa vipi?

Sisi wakazi wa Njiru tunaishi ndani ya jometri. Kila uchao ploti zinauzwa na misingi inachimbwa. Ploti ya futi hamsini kwa mia huitwa thumni ya ekari, na mnunuzi huitikia tu. Ekari ina futi za mraba 43,560, hivyo thumni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Je, futi 445 zimekwenda wapi? Hizo zatosha vyumba vinne vya kumi kwa kumi, na baki! Mtoto wa Gredi ya 7 angemzindua babake kwa kalamu tu, lau angefunzwa kwamba eneo la mstatili si swali la mtihani pekee.

Napendekeza basi kila darasa lipewe mradi wa muhula mzima: kusanifu chumba cha kupangisha na kukadiria gharama yake. Kuta zenye mzingo wa futi 40 zaweza kuzunguka chumba cha kumi kwa kumi, chenye futi za mraba 100, au cha kumi na tano kwa tano, chenye 75. Mawe ni yale yale, na pesa ni zile zile! Kisha wanafunzi waende wenyewe kuuliza bei ya saruji na mabati. Wakisharejea, mwalimu awapunguzie fedha kwa humusi, aone watakata wapi.

Najua mzazi asomaye haya atashika kichwa. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka wa 2019, amechoka kutumwa dukani usiku kununua vifaa. Malalamiko hayo ni ya haki. Mfumo wa 8-4-4 nao ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na masomo ya ufundi, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Kufundisha bajeti kwa kumfilisi mzazi ni kichekesho. Kadibodi kuukuu, rula na kamba vyatosha.

Mwalimu pia si lazima awe peke yake. Fundi wa mtaani, ambaye huenda hajapata kulisikia jina la Pythagoras, hupima futi tatu upande huu na nne upande ule. Kamba ya kukatiza ikifika tano barabara, ajua pembe yake ni mraba. Walimu wakuu wamwalike darasani kwa saa moja. Alipwe ujira wake, nao wanafunzi wauandike katika hesabu yao.