Maji ya mifugo Bariadi yapimwe mapema

Kwa mfugaji wa Bariadi, ng'ombe ni benki, ni jembe na ni karo ya watoto. Kwa hiyo kinachoingia katika lambo la kunyweshea ni suala la uchumi wa kaya, si la bwana mifugo peke yake.

Uchimbaji mdogo wa dhahabu umeenea mkoani Simiyu. Januari 2024 zaidi ya watu 20 walikufa kwa kufukiwa na kifusi katika mgodi wa Ng'alita, na mjadala ukawa juu ya usalama wa mashimo. Kinachosahaulika ni mabaki yanayoachwa juu ya ardhi. Mawe mengi ya dhahabu katika ukanda wa Ziwa Victoria yana aseniki ya asili. Yakishasagwa kwenye karasha na marudio kurundikwa wazi, mvua huweza kuyasomba hadi mabondeni wanakonywa mifugo.

Tarime inatoa funzo. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe, na wananchi wakalalamika kupoteza mifugo. Uchunguzi wa mwaka huo ulikuta aseniki nyingi katika baadhi ya sampuli zilizochukuliwa kuzunguka mgodi. Lakini pasipo vipimo vya awali, ni vigumu kutenganisha aseniki ya asili na ile iliyotokana na uchimbaji. Anayeumia kwa ubishi huo ni mfugaji asiye na karatasi ya maabara mkononi.

Ng'ombe aliyekula aseniki nyingi huumwa tumbo, hutoka mate, huharisha maji yaliyochanganyika na damu, huyumba, na huweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Anayeipata kidogo kidogo hukonda na manyoya yake husimama. Ni rahisi kudhani ana minyoo au ndigana, na fedha zikaishia kwenye dawa zisizomsaidia. Dalili zikishakomaa, tiba mara nyingi hushindwa.

Majosho ya zamani nayo yaangaliwe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aseniki ilitumika sana Afrika Mashariki kuogeshea ng'ombe, hadi kupe walipoizoea. Sumu hiyo haiozi. Hubaki udongoni kwa miongo mingi.

Kiwango kinachopendekezwa kwa maji ya mifugo ni kisichozidi miligramu 0.2 kwa lita, na kwa binadamu ni 0.01. Maana yake, lambo linalomfaa ng'ombe laweza kumdhuru mama anayechota hapo hapo. Kuchemsha maji hakuondoi aseniki.

Halmashauri hazina budi kupima malambo na visima vilivyo karibu na machimbo kabla ya masika na baada yake, na kubandika majibu kijijini. Wenye makarasha wazungushie marudio yao matuta, mbali na mikondo ya maji. Mfugaji anayepoteza ng'ombe ghafla asichune wala kuuza nyama. Aite mtaalamu achukue sampuli ya ini, figo na maji ili zipelekwe maabara. Mchinjaji naye asikubali mzoga wa bei poa.

Gharama ya kupima lambo ni ndogo kuliko ya kupoteza zizi zima.