Neno la asubuhi: chagua litakalokurudisha kwenye Biblia

Masomo: Zaburi 91, Mathayo 4:1-11, Matendo ya Mitume 17:10-12



Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa katika wilaya yetu ya Biharamulo. Zilikuwa siku za hofu. Tuliogopa kushikana mikono, tuliogopa misiba, tuliogopa hata kikohozi cha mtu wa benchi la nyuma kanisani. Ndipo simu zetu zikajaa "neno la leo". Moja lililonifikia mimi lilikuwa na Zaburi ya 91, ile inayotaja ulinzi wa Mungu wakati wa tauni, na chini yake maelekezo: isome mara tatu, watumie watu kumi kabla ya saa sita mchana, na ugonjwa hautaingia nyumbani kwako. Aliyenitumia ni muumini mwenzangu, mtu mwema, na yeye alikuwa ametumiwa na mwingine.

Nakiri mbele yenu: niliwatumia watu kumi.

Jioni nilipita kwa bibi mmoja jirani yangu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo husomewa Biblia na mjukuu wake kila usiku, sura nzima, kabla ya kulala. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsomea ule ujumbe, nikidhani atafurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo Zaburi si ndiyo Shetani alimsomea Yesu kule juu ya hekalu?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

"Na Yesu alimjibu kwa nini?"

"Kwa andiko jingine."

"Basi wewe ukiwa na mstari mmoja tu, utamjibu kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Machi 13 ilitangazwa kuwa mlipuko ule umekwisha. Watu 10 walihesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa kuwa nao. Sitathubutu kamwe kusimama mbele ya familia zile na kusema kwamba marehemu wao hawakutuma ujumbe kwa watu kumi. Lakini ndilo jambo ambalo ujumbe ule ulikuwa unalisema, na mimi niliusambaza.

Naliandika hili leo kwa sababu kila mwanzo wa mwaka waumini wengi huuliza swali moja: nichukue kitabu gani cha ibada ya kila siku? Vipo vya kununua, vipo vya kupewa, yapo makundi ya WhatsApp, zipo programu za simu, zipo redio. Vingi ni vya bure. Wingi huo ni baraka, ila unadai uchaguzi. Naomba nikupe maswali manne ya kukusaidia kuchagua, kisha nitaje vile vilivyo karibu nasi huku Ngara na Biharamulo.

Swali la kwanza: je, kinanifanya nifungue Biblia? Kitabu kizuri hukutajia sura, kikakusubiri uisome, ndipo kikasema neno lake. Kitabu kibaya hukupa nusu mstari na kurasa mbili za maneno ya mwandishi. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama aliyosema ni kweli. Paulo hakuchukia. Ikiwa Paulo alichunguzwa, mwandishi wa tafakari yako ya asubuhi naye achunguzwe, na mimi ninayeandika safu hii pia.

Sisemi kuwa mstari mmoja ni kosa. Mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf alianza kuwapa Wamoravian neno moja la Maandiko la kubeba kwa siku nzima, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 maneno hayo huchapishwa kitabu kila mwaka, hadi leo. Ndilo Kanisa lililotuma wamisionari wake Rungwe mwaka 1891. Lakini watu wa Herrnhut walikuwa na ibada ya pamoja kila siku, na Biblia nzima ilikuwa mezani. Ule mstari ulikuwa kama kipande cha muhogo cha kutafuna njiani kwa mtu ambaye nyumbani kuna sufuria iliyojaa. Shida yetu ni kwamba wengine tuna kipande cha njiani tu, na jikoni hakuna moto.

Swali la pili: je, kina neno la siku mbaya? Fungua kitabu hicho, angalia kurasa ishirini. Ikiwa zote ishirini zinakuahidi gari, nyumba, ndoa na kupandishwa cheo, kirudishe. Ndani ya Biblia imo Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na inamalizika gizani, bila jibu. Imo Ayubu. Yamo Maombolezo. Mungu aliacha sala hizo zibaki kitabuni kwa sababu alijua kuna asubuhi ambazo mtu ataamka akiwa na sanda ndani ya nyumba. Mama aliyempoteza mtoto, akafungua tafakari yake na kukuta "leo ni siku yako ya kucheka", ataona ama Mungu amemdanganya au yeye amelaaniwa. Hakuna lililo kweli kati ya hayo mawili. Ni kitabu tu hakikumfikiria.

Swali la tatu: je, kinanihoji? Hapa sisi wa magharibi ya Ziwa Victoria tuna historia yetu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Muganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, walikaa siku mbili na Biblia mbele yao, wakisoma na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, ukavuka mpaka na kuingia Tanganyika. Waliookoka wakati ule walijulikana kwa matendo yao: walikiri dhambi mbele ya wenzao, walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, na Mzungu na Mwafrika waliombana msamaha. Neno lililosomwa asubuhi lilionekana mchana.

Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24. Wenyeji wa Benaco wenye umri wa kutosha wanakumbuka vilima vilivyogeuka kuwa mji. Walitoka katika nchi iliyojaa makanisa, nchi ya Gahini yenyewe, ambako jirani alikuwa amemuua jirani waliyekaa naye benchi moja la ibada. Siwahukumu, maana moyo wa mwanadamu wa upande ule wa mto na wa upande huu ni mmoja. Nasema tu kwamba mtu anaweza kusikia Neno kila siku na lisimguse pale panapouma: kabila lake, shamba lake la mpakani, chuki yake ya miaka mingi. Yakobo anamlinganisha msikiaji asiyetenda na mtu ajitazamaye kwenye kioo, kisha akaondoka na kusahau sura yake. Kwa hiyo uliza: katika mwezi mzima, kitabu hiki kimenitaka niombe msamaha hata mara moja? Kama kinakubembeleza tu, hicho si kioo.

Swali la nne: je, nyumba yangu yote itaweza kukitumia, na ni cha bure kweli? Nyumba zetu nyingi zina mzee anayesikia vizuri zaidi Kihangaza au Kisubi, vijana wa Kiswahili, na mmoja wa sekondari anayependa kuonyesha Kiingereza chake. Tafakari ya Kiingereza kigumu itamfaa huyo mmoja tu. Chukua ya Kiswahili chepesi, na mwenye Kihangaza amweleze mzee kwa lugha yake. Ezra aliposomea watu Torati, Walawi walikuwapo kuwafafanulia maana, na watu wakaelewa (Nehemia 8).

Kuhusu bure, tuwe macho. Kuna neno la asubuhi linalokuja kila siku bila malipo, kisha siku ya saba inakuja namba ya simu: tuma sadaka uombewe, vinginevyo mlango wako utafungwa. Anayekupa neno asubuhi na kukudai ada ya maombi jioni hakukupa bure. Simoni mchawi wa Samaria alidhani karama ya Mungu inanunuliwa kwa fedha, na Petro alimkemea vikali. Kuchangia kazi ya Mungu kwa hiari ni jambo jema, lakini vitisho siyo hiari. Na usitume tena ujumbe wowote unaokuamuru kuutuma. Hapo najikemea mwenyewe kwanza.

Sasa, vilivyo karibu nasi ni vipi?

Cha kwanza ni kalenda na vitabu vya Kanisa lako. Mkatoliki anayo masomo ya Misa ya kila siku, ambayo ni yaleyale parokiani Rulenge na Roma. Anglikana na Mlutheri wana utaratibu wao wa masomo, na waulize wachungaji wenu wawape orodha. Ndugu zetu Waadventista Wasabato wana Kesha la Asubuhi. Uzuri wa vitu hivi ni kwamba hausomi peke yako. Ukikwama, kuna mwenzako aliyesoma sura ileile siku ileile, na kuna katekista, mwinjilisti au mchungaji wa kumuuliza.

Cha pili ni redio. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, kwa ajili ya watu walewale waliovuka Rusumo. Jina lake ni tumaini. Kwa asiyejua kusoma, au aliye shambani na jembe mkononi, kusikia ni njia halali kabisa. Paulo anasema imani huja kwa kusikia. Ila ukisikia somo lililokugusa, uliza ni kitabu gani na sura ipi, ili jioni usomewe lote.

Cha tatu ni simu. Programu ya Biblia ya YouVersion ni ya bure, ina Biblia za Kiswahili na mipango ya kusoma kwa siku. Tumia bando mara moja ukiwa mjini Biharamulo au Ngara, pakua tafsiri inayokubali kupakuliwa, kisha usome hata kule ambako mtandao haufiki. Zipo pia Biblia za sauti za Kiswahili zinazotolewa bure, ambazo vijana wanaweza kuziweka kwenye memori kadi wakampa bibi asikilize.

Cha nne kiko tayari nyumbani mwako, nacho ni Biblia yenyewe, au lile Agano Jipya dogo la Wagideoni ambalo mwanao alipewa shuleni bila malipo. Methali ina sura 31: soma moja kila siku ya mwezi. Zaburi ni 150: ukisoma tano kwa siku, umezimaliza kwa siku 30, na ya 88 hutairuka. Injili ya Marko ina sura 16, chini ya majuma matatu. Mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Scotland, aliwaandalia waumini wake mwaka 1842 ratiba ya sura nne kwa siku: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Inatumika hadi leo na haina gharama. Kama nne ni nyingi, soma moja. Afadhali moja ya kila siku kuliko kumi za wiki ya kwanza ya Januari.

Ukishachagua, kaa na kitu kimoja kwa miezi mitatu. Usirukeruke kama nyuki asiyejenga mzinga. Tafuta mtu mmoja wa nyumbani au wa jumuiya yenu ndogo, mkutane mara moja kwa juma, mwulizane: umesoma nini, na umetii nini?

Wiki ile ya hofu niliwarudia wale watu kumi, mmoja mmoja. Niliwaomba radhi, nikawaambia someni Zaburi ya 91 yote, kisha Mathayo 4, kisha nawani mikono na mfuate maelekezo ya wahudumu wa afya, maana kumjaribu Bwana Mungu wako siyo imani. Wawili walicheka. Mmoja alikasirika. Mmoja aliniuliza, "Tuendelee kesho na sura gani?" Na sasa tunasoma pamoja.

Bwana, tupe leo mkate wako, wala si makombo tu. Fungua macho yetu tusome, fungua masikio yetu tusikie, na utuhoji kabla hatujawahoji wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.