Dawa ya maji kwa mtoto asiyetulia: faida iko wapi, hatari iko wapi?

Mzazi akisikia kuna dawa ya maji ya kumsaidia mtoto asiyetulia darasani, huuliza kwanza inapatikana wapi. Kuna swali la kutangulia hilo: nani ataipima, na nani atamfuatilia mtoto?

Hali yenyewe huitwa ADHD kwa kifupi. Mtoto hashiki jambo moja, hasubiri zamu yake, anaanza hiki na kuacha kile, na huonekana hivyo nyumbani na shuleni, miezi nenda miezi rudi. Si jeuri, na fimbo haiiondoi.

Dawa inayotumika zaidi, methilifenideti, ni ya kuchangamsha ubongo. Wengi hushangaa: mtoto kachangamka kupita kiasi, mnamchangamsha tena? Fikiria lori linaloshuka mteremko wa Iwambi. Injini haina shida, breki ndizo hazishiki. Dawa hii huamsha sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya breki.

Ya maji inawafaa watoto wasioweza kumeza kidonge, na daktari anaweza kuongeza au kupunguza dozi kidogo kidogo. Ipo ya muda mrefu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ambayo mtoto hunywa mara moja asubuhi. Ya muda mfupi huisha nguvu baada ya saa nne hivi, kwa hiyo dozi ya pili inaangukia shuleni, mikononi mwa mwalimu mwenye darasa lililofurika.

Hatari kubwa naiona kwenye kijiko. Mililita 5 za chupa moja zinaweza kuwa na miligramu 5 za dawa, za chupa nyingine 10, na za ile ya muda mrefu 25. Kijiko kilekile, dozi mara tano! Tena kijiko cha chai cha kwako si sawa na cha jirani. Tumia kipimo kilichokuja na chupa tu, na ile ya muda mrefu itikiswe kwa nguvu sekunde 10 au zaidi kila unapoitoa.

Iwe ya maji au kidonge, dawa hii hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, huongeza mapigo ya moyo na inaweza kupunguza kasi ya kurefuka. Mtoto ale uji mzito kabla ya dozi, na apimwe uzito na kimo mara kwa mara. Mwenye tatizo la moyo daktari aambiwe mapema.

Mwaka 2019 na tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, kwani ushahidi wa faida na madhara yake haukuwatosheleza. Pia inadhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo usimwagize ndugu aliye nje akuletee kwenye begi.

Kwa maoni yangu, mtoto anayemeza kidonge hana haja ya chupa. Kidonge hakikosewi kirahisi. Lakini kwanza achunguzwe masikio, macho, usingizi na kifafa, maana hayo nayo humfanya mtoto aonekane hasikilizi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Nenda na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa, daktari atayahitaji.