Jua likizama, kilio kinageuka ngoma

Katika Israeli, mwezi wa nne ao wa tano, kuna jioni moja ngumu kwa mama aliyepoteza mtoto wake jeshini. Siku nzima amekuwa katika Yom HaZikaron, siku ya kukumbuka askari waliokufa vitani na raia waliouawa katika mashambulizi. Usiku uliotangulia king'ora kililia dakika moja. Asubuhi kimelia tena dakika mbili, madereva wakasimamisha magari katikati ya barabara kuu na kushuka. Amekwenda makaburini. Kisha jua linazama, mienge 12 inawashwa kwenye mlima Herzl mjini Yerusalemu, na Yom HaAtzmaut, sikukuu ya uhuru wa 1948, inaanza hapo hapo. Vijana wanaimba na kucheza barabarani. Yeye bado ana mchanga wa kaburi kwenye viatu.

Kuna familia zilizofiwa ambazo zimelalamika kwamba mgeuko huo ni wa gafula mno. Wana haki ya kulalamika. Lakini kuzitenganisha siku hizo kungekuwa hasara. Uhuru ukisherehekewa mbali na makaburi, kinachobaki ni gwaride, hotuba za wakubwa na bia. Pale anayetaka kucheza anapita kwanza mbele ya wafiwa.

Kupanga siku za kilio hakukuwa rahisi. Kuna waliotaka Yom HaShoah, siku ya kukumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, iwekwe siku ambayo Wayahudi wa Warsaw walianza kupigana, tarehe 19/04/1943. Shida ni kwamba jioni ile Pasaka ilikuwa inaingia. Wengine, hasa watu wa dini, walisema mwezi wa Nisani ni wa furaha, haufai kwa matanga. Mwaka wa 1951 bunge likachagua tarehe 27 Nisani, siku chache baada ya Pasaka na juma moja mbele ya Yom HaZikaron. Waliopinga hawakuridhika wote, na mpaka leo wako wanaoombea wafu wao siku nyingine, tarehe 10 ya mwezi wa Teveti.

Kilio hicho kilifika mpaka Katanga. Wayahudi wengi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walitoka kisiwa cha Rhodes, na sinagogi yao ingali imesimama mjini. Mwezi wa saba 1944 Wajerumani walikamata Wayahudi waliobaki kisiwani, karibu 1.700, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona ni kama 150 tu. Waliokuwa wakifanya biashara Katanga walibaki bila wazazi, bila ndugu, na bila kaburi la kwenda kulilia.

Pasaka yenyewe, ambayo inafungua majira haya yote, ina desturi moja inayostahili kutazamwa kwa makini. Mezani, wakati wa kutaja mapigo kumi ya Misri, kila mtu anatoa tone la divai katika kikombe chake kwa kila pigo. Wengi wanaeleza hivi: furaha ya kukombolewa inapungua kwa sababu watu wengine waliteseka, hata kama walikuwa adui.

Desturi hiyo inakosekana kwenye sikukuu ya uhuru. Vita ya 1948 iliwaacha Wapalestina zaidi ya 700.000 bila makao, nao wanaikumbuka tarehe 15/05 kwa jina la Nakba, yaani msiba mkubwa. Mienge 12 haiwataji. Na tangu tarehe 07/10/2023, watu karibu 1.200 walipouawa katika Israeli, kisha vita ikaua makumi ya maelfu ya watu katika Gaza, kutaja wafu wa upande mwingine kunaonekana kwa wengi kama usaliti.

Hata hivyo, tangu 2006, usiku wa Yom HaZikaron, Waisraeli na Wapalestina waliofiwa wanafanya ibada moja ya pamoja ya ukumbusho. Wanatukanwa kila mwaka. Wanaendelea.