Samaki safi bila kipimo hana mtetezi sokoni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1999 wavuvi wa Mwanza walijifunza vingine, pale Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na tuhuma za uvuvi wa sumu. Mvuvi mwaminifu aliumia sawa na mhalifu, kwani hakuwa na kipimo cha kumtetea.

Leo tuhuma inaweza kutokea machimboni. Wachimbaji wadogo mkoani Geita hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na sehemu yake hubaki kwenye marudio, ambako mvua huisomba kuelekea mitoni. Tafiti zilizokwisha kufanyika ziwani zilikuta samaki wengi wakiwa chini ya kikomo cha nusu miligramu ya zebaki kwa kilo, ingawa sangara wakubwa huwa nayo zaidi. Hiyo ni habari njema, lakini mnunuzi atataka kipimo cha mwaka huu.

Upimaji wa kawaida huhitaji maabara yenye mashine za gharama kubwa. Hata hivyo, wanasayansi katika nchi mbalimbali wanatengeneza vipimo vidogo vya kubeba mkononi. Ncha yake hupakwa kaboni iliyochanganywa na chembe ndogo mno za dhahabu au bismathi. Umeme kidogo huvuta metali iliyomo majini ikaganda kwenye ncha, kisha volti hubadilishwa ili iachie. Kila metali huachia kwa volti yake, na wingi wa umeme unaopita huonyesha kiasi chake.

Kifaa hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya maabara ya samaki ya Nyegezi. Tope huweza kupotosha majibu, na maji safi si ushahidi kwamba minofu ni safi. Kazi yake ni kuonya mapema, ili sampuli chache zenye shaka ndizo zipelekwe maabara.

Gharama zisibebeshwe mvuvi wa mtumbwi peke yake. Halmashauri hukusanya ushuru mialoni. Sehemu yake inunue vifaa kwa ajili ya vikundi vya usimamizi wa mialo iliyo karibu na midomo ya mito, na majibu yabandikwe hadharani. Mkulima wa mboga anayemwagilia kwa maji hayo hayo naye atanufaika.

Kusubiri soko lifungwe ndipo vipimo vitafutwe ni hasara iliyokwisha kulipwa mara moja.