Mafuta Mazito Si Dawa ya Motere



Tangu Safari Rally ya Kenya irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, habari za magari hazikwishi katika internati yetu. Juma lililopita mabishano yakafika kwa gurupu ya shule. Mshale wa presio ya mafuta unashuka kila magaribi, motere ikisha kupata moto, na wengi wakasema: «Mutie mafuta ya 50, mshale utapanda!» Sisi wafinalisti tunaolinda gurupu tunakataa. Gurupu ikikufa, etidi ya magaribi inakufa pamoja nayo, na Egzetati haitatungojea.

Presio inatoka wapi? Pompi kazi yake ni kusukuma mafuta tu. Presio inazaliwa pale mafuta yanapokuta njia nyembamba, kati ya vilbrokeni na kusine zake. Mafuta mazito yanapita kwa shida, basi mshale unapanda. Lakini kupanda kule hakuonyeshi kwamba mafuta mengi yanafika kazini. Presio ikizidi, supape inafunguka na mafuta yanarudi katika karteri bure. Tena Bunia iko juu ya mita 1,200, asubuhi kuna baridi: mafuta mazito yanachelewa kufika juu, na wakati ule chuma kinakwaruza chuma. Kwa sababu hiyo bidoni imeandikwa namba mbili. Katika 15W-40, ile yenye W ni ya mafuta yakiwa baridi, ya mwisho ni ya mafuta yakiwa na moto wa digri 100. Mchana 15W-40 na 40 tupu ni karibu ndugu. Asubuhi si ndugu hata kidogo.

Watu wanaokimbiza magari kwa franga zao wenyewe, kama wengi wa Pearl of Africa Rally kule Uganda, wanajua mambo haya kwa uchungu, kwani motere ikivunjika hakuna kampuni ya kulipa. Kati ya wakimbizaji kuna kipimo cha zamani: karibu bar 0,7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, motere ikiwa moto. Hawangoji taa nyekundu, kwa sababu kwa motere nyingi inawaka presio ikiwa karibu nusu bar, na kwa gari la mbio hapo ni kuchelewa. Kuna na kona. Katika kona kali mafuta yanakimbilia upande mmoja wa karteri, pompi inavuta hewa, presio inaanguka. Hapo hawaongezi uzito wa mafuta, wanatia vibati ndani ya karteri. (Gurupu yetu haipigi kona, Mungu asifiwe.)

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mbele yake, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Tunamtaja ju alikuwa fundi, si shofeli tu.

Sasa gurupu. Mshale kushuka kidogo kwa moto ni kawaida, kila mafuta yanakuwa mepesi. Tunapashwa kujua umeshuka kiasi gani kupita mwaka jana, na kitabu cha gurupu hakina namba hata moja. Labda mazutu imeingia katika mafuta. Labda kusine zimelika. Labda manometa yenyewe inasema uongo! Mafuta ya 50 yatapandisha mshale na ugonjwa utabaki ndani, kama mtu wa malaria anayekunywa parasetamoli peke yake.

Na ninyi wenye moto nyumbani, angalisho: ambrayaji ya moto nyingi inaoga katika mafuta yale yale ya motere. Mafuta mengine ya gari yanaifanya iteleze. Tafuteni bidoni yenye maandiko JASO MA.

Kwa Bwana Prefe tunaomba manometa ya pili, hata ya kukopa kwa garaje, ili tulinganishe. Tunaomba tena mafuta yanunuliwe katika bidoni iliyofungwa, yenye namba inayotajwa na kitabu cha motere, si yale ya kupimiwa katika chupa kando ya barabara. Daftari tumekwisha kupata. Tutaandika presio mara mbili kila magaribi, wakati wa kuwasha na saa moja nyuma yake. Anayetaka kusaidia aje kwa chumba cha gurupu siku ya kwanza, na saa mkononi.